Mzee Aliyeomba Nipunguze Magitaa

Vijana wa kikundi chetu cha mafundi wa sauti mmekuwa mkiniandama kwa WhatsApp niandike kidogo kuhusu kazi, kwa sababu eti mimi ndiye mkongwe na nimestaafu nikiwa bado nakumbuka. Kukumbuka nakumbuka. Ni kusikia ndiko kumeenda. Sikio la kushoto lilistaafu kabla yangu, na la kulia linafanya kibarua, leo liko, kesho haliko. Mke wangu anasema nasikia vizuri nikiitwa chakula tu. Sijamjibu, maana sikushika vizuri alivyosema.

Nitangulie kusema kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nimekaa Section 58, hapa Nakuru, tangu nioe, na bado kazi niliyoichagua ni ya kubeba spika kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, jambo linaloonyesha akili niliyopewa. Lakini nilikuwa na sheria moja: kazi isiyonirudisha nyumbani kwa chakula cha jioni si yangu. Bendi zilinialika Mombasa, Kisumu, hata Kampala. Nikawaambia mgongo unauma. Mgongo wangu haujawahi kuuma. Kwa hivyo anayesoma hapa akitarajia safari atafute mwingine. Mimi nimeona viwanja vya Nakuru, makanisa ya Nakuru, mazishi kutoka Njoro hadi Gilgil, na bendi moja ya roki. Hiyo bendi ndiyo imenifanya nikubali kuandika.

Nilianza kazi nilipotoka form four, na alama nilizopata huko tuziache huko huko. Aliyenichukua alikuwa mtu mmoja mnene, mpole, aliyeitwa Okumu. Alikuwa na mitambo ya kukodisha: spika nne kubwa kama kabati, jenereta, na mixer ya kuchanganyia sauti iliyofungwa kwa blanketi la mtoto. Krusedi zote za injili mjini zilikuwa zake. Siku yangu ya kwanza aliniambia nizike chuma cha kupitisha umeme ardhini nyuma ya jukwaa, na nimwagie maji. Niliona ni ushirikina. Nikakichomeka pale pale juu juu, kwenye udongo mkavu, nikaenda kutafuta kivuli. Mhubiri alipanda, akashika maiki kwa mkono mmoja na chuma cha jukwaa kwa mwingine, akaruka juu akilia. Uwanja mzima ukasema amina. Watu waliokoka siku hiyo. Okumu hakunigombeza. Alinipa jerikeni ya maji na kunionyesha kwa kidole, na tangu hapo sijawahi kufungua maiki kabla ya kumwagia udongo maji. Nyinyi wa siku hizi mnategemea soketi ya ukuta. Muulizeni aliyejenga huo ukuta.

Lakini somo kubwa la Okumu lilikuwa lingine, na kwa hilo naomba mnisikilize, maana ndilo litakaloturudisha kwa ile bendi.

Mnajua jinsi wazee wetu walivyo. Kwaya ikianza kupamba moto, kuna mzee atainuka kiti cha mbele, atatembea polepole mbele ya watu wote, aje mpaka kwenye mixer, ainame na kusema, "Punguza vyombo." Akishaenda atakuja mwingine aseme ongeza. Hakuna harusi, hakuna mazishi, hakuna ibada niliyowahi kuhudumia ambayo mzee hakuja. Ukimkatalia umekosa adabu na kesho hutaitwa. Ukimtii, kwaya itakuua. Basi Okumu alikuwa na dawa. Kwenye mixer, kila chombo kina kijiti chake cha kusukuma juu na chini. Kijiti cha mwisho upande wa kulia hakuwahi kukiunganisha na kitu. Mzee akija, Okumu alikuwa anakunja uso kama daktari, anakishika kile kijiti kwa vidole viwili na kukishusha taratibu huku akimwangalia mzee. Sauti ilikuwa ile ile. Mzee alikuwa anasikiliza kidogo, anasema, "Eeh, hapo sasa," na kurudi kwenye kiti chake ameridhika.

"Hujamdanganya," Okumu aliniambia. "Alitaka kusikizwa. Umemsikiza."

Nilikirithi kile kijiti pamoja na mitambo yote Okumu aliporudi kwao kupumzika. Kimenilisha. Kimesomesha watoto. Kuna maaskofu mjini hapa ambao hadi leo wanaamini mimi ndiye fundi pekee anayejua kupunguza.

Sasa bendi. Walikuja kwangu vijana wanne wenye fulana nyeusi wakati ambapo nilikuwa nimezoea keyboard na tari tu. Walijiita Jivu Moto. Kiongozi wa magitaa alikuwa Kip, kijana mrefu wa Njoro asiyecheka. Mwimbaji alikuwa Ndung'u, mtoto wa mkulima wa Kabazi, kule juu karibu na Subukia, mwembamba, mwenye heshima, ambaye akikusalimia anainama kidogo. Kip aliunganisha gitaa lake kwenye mixer yangu, akapiga mara moja, na mimi nikazima kila kitu nikaanza kukagua waya.

"Nini mbaya, Fundi?" akauliza.

"Kuna waya imekatika mahali. Inakwaruza."

"Haijakatika. Hiyo ndio sound yenyewe."

"Hiyo yenyewe?"

"Hiyo yenyewe, Fundi. Sasa ongeza."

Niliongeza. Majirani wa ukumbi walituma mtu kuuliza kama tunaabudu shetani. Ndung'u alitoka nje akamweleza kwa upole kwamba hapana, ni mazoezi, na kama anataka kuhakikisha aje aketi. Yule mtu akaja akaketi, na akawa shabiki wao mpaka mwisho. Hivyo ndivyo Ndung'u alivyokuwa. Akiongea ungedhani ni shemasi. Akiimba, mishipa ya shingo inamtoka kama kamba, na huyo shemasi hayuko tena.

Niliwahudumia miaka kadhaa. Walikuwa na wimbo mmoja ambao mashabiki waliungojea kila mahali. Ulianza taratibu, halafu magitaa yanashuka kama lori lililokosa breki kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na Ndung'u anapiga kelele maneno ambayo hakuna aliyeyasikia isipokuwa moja la mwisho, "macho". Watu walikuwa wanaruka wakirudisha, "Macho, macho." Wengine walisema unahusu kukosa usingizi. Mmoja aliniapia unahusu bangi. Mimi sikuwa na maoni. Hapa lazima niwaambie kitu kuhusu kazi yetu ambacho hakuna anayekiandika: fundi wa sauti hasikii maneno. Anasikia kama sauti ya mtu ni kali, kama inamezwa na besi, kama maiki inataka kupiga mluzi. Nimehudumia mahubiri mengi kuliko wanaoishi kwa kuhubiri na siwezi kukutajia hata moja lilisema nini. Huo wimbo nilikuwa nimeusikia mpaka naota ninausukuma kwa vijiti, na sikuwa najua unasema nini.

Ndipo wakaamua kurekodi albamu mbele ya watu. Kip alisema studio inawafanya wasikike kama wamefungiwa ndani ya friji, na kwamba roki bila jasho la watu si roki. Tulipata ukumbi mmoja wa jamii, mchana, kwa sharti kwamba jioni uwe mtupu kwa sababu kuna kikundi cha maombi. Mama aliyekuwa na funguo alisema pia hakuna shughuli itakayofanyika humo bila kufunguliwa kwa sala. Kip akasema sawa, sala fupi. Mama akasema yeye ndiye ataomba. Aliombea nchi, mvua, wagonjwa, barabara zetu, na "hawa vijana wenye vyombo vikubwa". Mashabiki wa fulana nyeusi walifumba macho wote, mpaka wale wenye mafuvu kifuani. Tuliirekodi. Ndiyo ya kwanza kwenye albamu, na waliopata kusikiliza albamu hiyo wanasema ndiyo nzuri kuliko zote.

Kwa mafundi, mpango ulikuwa hivi. Magitaa na besi hayakuwa na spika zao jukwaani, yote yalipita kwangu. Kompyuta ya kurekodi iliunganishwa kabla ya vijiti, yaani nikipandisha au nikishusha, ukumbi unasikia tofauti lakini kompyuta inachukua kila kitu kama kilivyotoka kwa chombo. Jukwaani wanamuziki walikuwa na spika ndogo za kujisikia, nazo zina vifundo vyake vya pembeni, haziguswi na vijiti vya ukumbi. Yaani ukumbi ulikuwa na sauti yake, jukwaa sauti yake, na albamu sauti yake. Nilijivunia huo mpango. Niliuchora kwa chaki sakafuni nikamwelezea hata mama wa funguo.

Kabla ya kuanza, Ndung'u alikuja kwangu akiwa na jasho tayari.

"Fundi, mzee wangu anakuja."

"Baba yako? Kwa roki?"

"Nilimwambia itafunguliwa na maombi. Akasema kama ni hivyo atakuja aone kazi yenye niliachia shamba." Akacheka, lakini si sana. "Hajawahi kunisikia. Naomba tu aone watu. Aone ukumbi umejaa."

"Atakaa wapi?"

"Mbele. Nimemwekea kiti."

Mzee Gitau alikuja na koti la kanisani na kofia, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mstari wa mbele, magoti pamoja, kofia juu ya magoti. Pembeni yake msichana mwenye nywele za kijani alimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba. Nyimbo za kwanza alikaa vile vile, hakuziba masikio, hakutikisa kichwa. Nilikuwa namwangalia kwa sababu mtu wa umri wake mbele ya spika zile nilimhesabu kama mgonjwa wangu.

Ule wimbo wao mkubwa ulipoanza, nilimwona ameinuka. Akaweka kofia kwenye kiti na kuja kwangu, polepole, vile vile wanavyokuja wote. Akainama.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Huyo anaimba ni wangu."

"Najua, mzee. Anaimba vizuri sana."

"Sijui kama anaimba vizuri. Mimi naona tu mdomo yake ikifunguka. Hebu punguza hizo vyombo nisikie anasema nini."

Mkono wangu ulienda wenyewe kulia kabisa, kwenye kijiti cha Okumu. Ulikuwa umeshakishika. Kisha mzee akaongeza, na si kama anayelalamika, kama mtu anayeeleza shida yake kwa karani.

"Nimetoka Kabazi asubuhi. Ng'ombe nimeachia jirani. Ataniuliza kijana anaimba nini. Si vizuri niseme sijui."

Sijui kilichoniingia. Maaskofu nimewashushia kile kijiti bila aibu. Lakini huyu hakutaka kusikizwa, alitaka kusikia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuja kwenye mixer yangu na haja kama hiyo. Nikasema moyoni, albamu haitaguswa, jukwaani hawatajua, ni ukumbi tu, na ni kidogo tu. Nikaachia kile cha uongo, nikashika vya kweli, magitaa yote mawili na besi, nikashusha.

Drum zilibaki peke yake, kama mtu anayepiga debe chumba cha pili. Na juu yake sauti ya Ndung'u, wazi kabisa, kubwa, ikijaza ukumbi mpaka kwenye mabati. Jukwaani yeye alikuwa bado anasikia magitaa yake yote kwenye ile spika ya miguuni. Alikuwa amefumba macho na kupiga kelele kama mtu aliye peke yake msituni.

Hapo ndipo mimi pia niliusikia wimbo, pamoja na watu wote.

Ulikuwa unahusu usiku mama yake alipougua. Mvua, nyumba ya mbao, mtoto kitandani. Mama anasema nipelekeni hospitali, na baba anasema tungoje asubuhi. "Ulisema tungoje asubuhi," Ndung'u aliimba. "Asubuhi ikaja, mama hakuja nayo." Na mwisho wa kila ubeti lile neno ambalo watu walikuwa wanalirukia: "Ulidhani nimelala, baba, nilikuwa macho."

Hakuna aliyeruka. Msichana wa nywele za kijani aliweka mkono mdomoni. Nilitaka kurudisha magitaa, lakini mzee alikuwa bado amesimama kando yangu na mkono wake uko juu ya meza, karibu na vijiti, na sikuweza kumsukuma. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ubeti wa pili ukapita hivyo. Wa tatu nikarudisha vyombo, na kelele ikarudi, na watu wakapiga makofi ya ajabu, kama ya kanisani.

Mzee Gitau alinigusa bega.

"Asante, kijana. Nimesikia."

Akaenda akachukua kofia yake kwenye kiti, akaivaa, akatoka kwa mlango wa pembeni. Ndung'u alipofumbua macho kiti kilikuwa kitupu.

Baada ya shughuli nilikuwa nakunja waya. Waya hukunjwa mzunguko mmoja juu, mmoja chini, usije ukaujeruhi ndani, na nilikuwa nakunja polepole kuliko ilivyohitajika. Ndung'u akaja akifuta shingo kwa taulo.

"Fundi, mzee ako wapi?"

"Ameenda."

"Ameenda saa ngapi? Hakuniaga. Alisema nini?"

"Alisema asante. Alisema amesikia."

"Amesikia nini?"

"Aliniomba nipunguze vyombo asikie maneno. Nikampunguzia."

Alikuwa bado anatabasamu kidogo. "Si ulimfanyia ile kitu yako ya wazee?"

"Hapana. Nilipunguza kweli."

"Kwa wimbo gani?"

Niliendelea kukunja waya, na hilo lilimtosha. Alikaa juu ya sanduku la spika, taulo mkononi. Kip alikuja akifurahi, kitu ambacho hakuwa anafanya, akasema kompyuta imechukua kila kitu safi na ule wimbo umetoka kuliko siku zote.

"Hiyo wimbo niliandika nikijua hakuna mtu atawahi skia," Ndung'u aliniambia mwishowe. "Ndio maana nilitaka magitaa mob, yafunike."

"Pole."

"Ungeuliza tu, Fundi. Ungenitazama, ningetingisha kichwa."

"Ulikuwa umefumba macho."

"Eeh," akasema. "Nilikuwa nimefumba."

Albamu ilitoka. Waliipa jina *Kelele Halali*, kwa sababu ya kibali cha kupiga kelele tulichoandikiwa kwa siku hiyo. Kip alimuuliza Ndung'u kama wimbo ule utolewe. Ndung'u akasema, "Wacha ukae. Yule hakufaa kuusikia alishausikia." Na mkiutafuta leo mtausikia vile vile mashabiki walivyouzoea, magitaa juu mpaka mwisho, na hamtashika neno isipokuwa lile moja. Mpango wangu wa chaki ulifanya kazi sawasawa. Nimewahi kuuweka nyumbani, nikageuza sikio zuri kwa spika. Hamna kitu. Hata kule kunyamaza kwa watu hakupo, kumefunikwa.

Ndung'u alienda Kabazi wiki iliyofuata. Aliniambia walikunywa chai, wakaongea habari ya ng'ombe na viazi, na mzee akamsindikiza mpaka barabarani kama mgeni. "Kama mgeni, Fundi," alirudia. Hakuna aliyetaja wimbo. Aliporudi jukwaani alianza kuumung'unya ule wimbo, kisha akaacha kuuimba, kisha bendi ikaacha kuitwa. Kip siku hizi anapiga gitaa kanisani, na wazee wanamwendea fundi wake. Ndung'u alishuka Mai Mahiu akafungua mahali pa kutengeneza magurudumu ya malori. Nilipitia huko mara moja, na kwangu hiyo ni safari kubwa. Nikamkuta kati ya kompresa mbili zinazounguruma. Nikamtania kwamba amepata bendi nyingine. Akacheka kwa adabu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho, na ningekuwa mtu wa bahati ningeachiwa hapo. Lakini mwaka wangu wa mwisho kazini niliitiwa mazishi Kabazi, ya jirani wa Mzee Gitau. Sikutaka kwenda. Nilisema mgongo. Mke wangu, ambaye anaujua mgongo wangu, akanipakia chakula.

Mzee alikuja kwenye mixer kama kawaida yao. Amezeeka, koti lile lile sasa linamzidi. Nilikaa tayari kwa lolote. Hakuomba nipunguze wala niongeze. Alisimama tu kando yangu mpaka kwaya ikamaliza, na watu walipokwenda kula akaniletea sahani mwenyewe.

"Wewe ndio ule kijana wa Nakuru."

"Ndiye, mzee. Na nimetaka kukuomba msamaha."

"Ya nini? Nilikuomba ukafanya. Ungekataa ningerudi nyumbani nimwambie jirani kijana yangu ako na kelele nzuri. Huyo jirani ndio tumezika leo." Akala kidogo. "Lakini kuna kitu hakiko kwa hiyo wimbo."

Nikaweka sahani chini.

"Hiyo usiku nilitoka. Mvua ilikuwa inanyesha mbaya. Nilitembea mpaka kwa mtu alikuwa na pikapu, huko chini karibu na Subukia. Nikagonga. Akasema hiyo matope haiwezi, atakuja asubuhi. Nikarudi. Mama yake akaniuliza, nikamwambia tungoje asubuhi. Kijana alisikia hiyo. Alikuwa macho ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa macho kwa barabara."

"Hujawahi kumwambia?"

"Hajawahi kuniuliza. Mimi nilijua alikuwa amelala. Nilijua hivyo mpaka hiyo siku ya Nakuru."

"Mwambie sasa, mzee."

"Mtu akishasema mbele ya watu wengi hivyo, baba yake aanzie wapi? Nitaonekana najitetea." Alichukua sahani yangu, akaona sijamaliza, akairudisha. "Wewe kazi yako si ni kupitisha sauti?"

Nikadhani nimepewa nafasi ya kutengeneza. Nilimpigia Ndung'u jioni ile ile, hata kabla ya kushusha spika, nikamweleza yote, barabara, matope, pikapu. Kompresa zilikuwa zinasikika nyuma yake.

"Hayo amekuambia wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka yote hii. Na ameambia fundi wa sound."

"Ndung'u, nakupitishia tu."

"Najua. Wewe huwa unapitisha tu." Halikuwa tusi, alilisema kwa ile sauti ya kishemasi. "Sikasiriki, Fundi. Lakini hiyo si ya kuskia kwa simu ya mtu mwingine. Aniite. Akiniita hata leo nitafunga hapa nije."

Nikampelekea mzee. Mzee akasema, "Kwani nimefunga boma? Aje." Nikampelekea kijana. Kijana akasema, "Hajaniita." Nimekwenda na kurudi hivyo mpaka nimechoka, mimi nisiyependa safari, na bila kuondoka kwenye kiti changu. Sina kijiti cha hii kazi. Mngekuwa mnaniuliza kazini ningewaambia tatizo liko kwenye waya, kagueni waya, badilisheni. Hapa hakuna waya. Kuna watu wawili, kila mmoja amefungua sikio anangoja mwenzake aanze, na mimi katikati ninayejua yote na ambaye neno lake halihesabiki.

Mtaniuliza basi, mzee akija kwenye mixer mfanye nini. Wengi wenu mmeniuliza, mkidhani nitawaambia mtumie kijiti cha Okumu. Sijui. Mpaka leo sijui. Mwangalieni usoni kwanza, na mwangalieni pia anayeimba, na kama amefumba macho ngojeni afumbue.

Jana Mzee Gitau alinipigia. Hupiga siku hizi, tangu yale mazishi, hata kama hana la kusema. Alisema viazi vimechoka na jua. Akaniuliza kama mvua imefika Nakuru. Nikamwambia bado. Kisha akauliza kama imefika Mai Mahiu.

Nikamwambia sijui, apige huko aulize.

Akasema network ya huko huwa ni mbaya.